Kasi Mkononi mwa Msomaji

Petali ya ua la cheri ikianguka kwa kasi ya sentimita 5 kwa sekunde kutoka kwenye tawi lililo mita 3 juu, itatumia dakika nzima kufika ardhini. Petali halisi haina subira hiyo. Huanguka upesi zaidi. Lakini katika filamu ya katuni ya Makoto Shinkai ya mwaka 2007, msichana mdogo aitwaye Akari anamwambia mwenzake Takaki kwamba hiyo ndiyo kasi yake, Takaki anasadiki, na watazamaji tangu hapo wamesadiki pamoja naye. Filamu ikaibeba hesabu hiyo hadi kwenye jina lake, Sentimita 5 kwa Sekunde. Ni kisa cha watoto wawili waliopendana, wakatenganishwa na uhamisho wa wazazi, kisha na umbali, kisha na miaka. Shinkai anauliza jambo moja tu tangu mwanzo hadi mwisho: watu wawili waliokuwa karibu huachana kwa kasi gani?

Mwaka 2010 mchoraji Yukiko Seike alianza kukichora kisa hicho upya kuwa manga, yaani katuni za kusomwa za Kijapani, katika Afternoon, jarida la kila mwezi la kampuni ya Kodansha. Kazi ilikamilika mwaka uliofuata na ikatolewa kwa vitabu viwili. Nchini Japani safari huwa kinyume: manga hutangulia, ikipendwa ndipo studio huigeuza filamu. Kutoka skrini kurudi kwenye karatasi ni kazi isiyo na heshima kubwa. Wengi huihesabu miongoni mwa bidhaa za kuuzwa mlangoni mwa sinema, pamoja na fulana na mabango. Na zipo kweli zinazostahili dharau hiyo: mchoraji anakili picha za filamu moja baada ya nyingine, anabandika maneno, anachukua ujira wake. Seike hakufuata njia hiyo, na ndiyo maana kazi yake inastahili kutazamwa taratibu.

Tuanze na alichonyimwa Seike. Shinkai, mzaliwa wa mkoa wa Nagano mwaka 1973, alijulikana mwaka 2002 kwa filamu fupi ya Hoshi no Koe, aliyoitengeneza karibu peke yake kwa kompyuta yake ya nyumbani. Tangu wakati huo sifa yake imekuwa mwanga: jua la jioni kwenye nyaya za umeme, mvua kwenye kioo, mawingu yaliyopambwa kingo kwa rangi ambazo mtu akiziona angani husimama. Filamu hii ina dakika 63 za mwanga huo, piano ya mtunzi Tenmon, na mwishoni wimbo wa Masayoshi Yamazaki uliotoka mwaka 1997. Manga ina wino mweusi na karatasi nyeupe. Haina rangi, haina sauti ya mwigizaji, haina piano.

Kubwa kuliko yote, haina saa. Filamu hupita picha 24 kwa kila sekunde, na ni mtengenezaji anayeamua utakaa mbele ya dirisha la treni kwa muda gani. Kitabu hakina uwezo huo. Msomaji anaweza kuzipitia kurasa kumi akipiga mwayo, au akaganda kwenye mchoro mmoja hadi chai ikapoa. Hadithi inayohusu kasi iliangukia mikononi mwa sanaa ambayo kasi yake si mali ya mtunzi. Seike alitafuta namna ya kuutawala mkono wa msomaji bila msomaji kuhisi, na alipoupata utawala huo akautumia kuwapa muda watu ambao filamu iliwapita mbio.

Chukua safari ya treni ya sehemu ya kwanza, ambayo wapenzi wa filamu hii huijua kituo kwa kituo. Ni tarehe 4 Machi 1995. Takaki, mwanafunzi wa miaka kumi na mitatu, karibu atahamia mbali kusini mwa Japani, na Akari tayari amehamia mkoa wa Tochigi, kaskazini mwa Tokyo. Wameahidiana kukutana saa moja usiku katika kituo kidogo cha Iwafune. Takaki anapanda treni jijini, anabadilisha Shinjuku, anabadilisha Omiya, anabadilisha Oyama. Theluji inaanza kushuka. Treni inachelewa, inachelewa tena, kisha inasimama kwenye uwanda mtupu na kukaa hapo kwa saa mbili. Atafika Iwafune saa tano usiku imeshapita, akitamani moyoni kwamba Akari awe amekwisha kurudi nyumbani, asiwe anamsubiri kwenye baridi.

Sasa jiulize: saa mbili ambazo hakuna kinachotokea zinachorwaje? Katika manga muda ni eneo. Kisanduku kipana hukaliwa na jicho kwa muda mrefu kuliko chembamba. Visanduku vifupi vilivyobanana hulikimbiza jicho. Mwanya mweupe kati ya kisanduku na kisanduku ndipo msomaji mwenyewe anapojaza kilichopita. Scott McCloud, mchoraji wa Kimarekani, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu namna katuni zinavyofanya kazi, alionyesha kwamba wachoraji wa Kijapani hutumia sana njia ambayo wenzao wa Magharibi waliitumia kwa nadra: kutoka kisanduku kimoja hadi kingine hakuna tendo linalosonga mbele, ila jicho linazunguka mahali palepale. Uso wa saa ya ukutani. Mkono uliofumbata. Kioo cha dirisha. Viatu vya abiria wa mbele. Saa tena. Hakuna kilichotokea, lakini msomaji amesubiri.

Hiyo ndiyo lugha anayoisema Seike, naye anaisema kwa sauti ya chini. Haigeuzi treni kuwa mahali pa matukio kwa hofu kwamba msomaji atachoka. Anaacha picha zikae bila maneno, uchovu wa mtoto uingie pole pole. Ukurasa nao una silaha yake. Manga hufunguliwa kutoka kulia, kama msahafu, au kama tenzi za kale za Lamu na Pate zilizonakiliwa kwa herufi za Kiarabu, na kisanduku cha mwisho cha chini kushoto ndicho cha mwisho kuonekana kabla mkono haujafunua. Wachoraji wa Japani wanakipima kisanduku hicho kwa uangalifu mkubwa. Kinachokuja baada ya kufunua hakijulikani, na kwa nukta ile mkono unapokuwa hewani msomaji hana la kufanya ila kungoja. Mtengenezaji wa filamu hawezi kamwe kumfanya mtazamaji ashiriki kwa mkono wake kuifungua milango ya treni. Mchoraji anaweza.

Kisha kuna theluji. Katika filamu theluji hupakwa juu ya picha, chembe kwa chembe, ikisogea. Katika manga kuna njia mbili kuu: kurusha matone ya wino mweupe juu ya weusi wa usiku, au kuacha karatasi yenyewe bila kuigusa na kuuzungushia wino ule utupu. Njia ya pili inadai nidhamu, kwa sababu inambidi mchoraji ajue tangu mwanzo ni wapi hatachora. Mshonaji wa kofia za viua anaijua kazi hiyo: ua la kofia linatokana na vitundu, na uzi upo kwa ajili ya kuvizunguka tu. Mti wa cheri wa Iwafune, ambao chini yake watoto hawa wawili wanabusiana usiku ule, hauna maua wakati huo. Theluji inayodondoka ndiyo inayokuwa petali. Kwenye skrini tunahitaji kuambiwa kwamba vitu hivi viwili vinafanana, kwa kuwa rangi zinavitofautisha. Kwenye karatasi petali na chembe ya theluji ni weupe uleule. Umaskini wa wino ukawa hoja.

Ufundi huu una vifaa vyake vya kila siku. Karatasi ya kazi kwa wataalamu ni ya ukubwa wa B4, na ndani yake pamepigwa fremu ya kawaida ya milimita 180 kwa 270. Mchoro utapunguzwa ukichapwa, kwa hiyo mstari mwembamba kupita kiasi utapotea. Kwa mkono, mstari hupigwa kwa nibu za kuchovya: ipo inayofunguka ukiikandamiza, ikatoa mstari unaonenepa na kukonda kwa pumzi moja, na ipo ndogo ya mviringo kwa ajili ya nywele, kope na majani. Rangi za kijivu hutokana na karatasi nyembamba zenye gundi, zilizochapwa vitone vidogo sana, ambazo hukatwa kwa kisu, kubandikwa, kisha kukwanguliwa kingo ili mwanga uonekane ukimwagika. Siku hizi wengi hufanya hayo yote kwa kompyuta, lakini uamuzi haukubadilika: kila kivuli lazima mtu akiweke, na kila mahali penye mwanga lazima mtu apaache.

Jambo jingine lilimsaidia Seike, nalo lilikuwa tayari limejengwa na waliomtangulia. Filamu hii inaendeshwa na mawazo ya ndani. Takaki anasimulia, Akari anasimulia, barua zinasomwa kwa sauti juu ya picha za mandhari. Watengenezaji wengi wa filamu huiogopa sauti ya msimulizi wakiona ni udhaifu. Lakini katika manga za wasichana, tangu miaka ya 1970, waandishi wanawake kama Moto Hagio na Keiko Takemiya walikwisha kuyatoa mawazo ya wahusika nje ya viputo vya maneno. Sentensi ikaachwa ielee juu ya ukurasa, kati ya visanduku, bila mpaka na bila mkia wa kuonyesha msemaji, ikawa haisikiki kama mtu anasema bali kama msomaji mwenyewe anawaza. Kilichokuwa kwenye filamu sauti juu ya picha kikapata hapa nyumba yake ya asili. Msomaji wa manga hakuhitaji kuzoeshwa. Anajua maneno yasiyo na kiputo yanatoka wapi.

Barua mbili zinaonyesha faida yake. Takaki alimwandikia Akari barua ili ampe usiku ule. Upepo ukampokonya jukwaani wakati treni imechelewa. Akari naye alikuwa ameandika, na asubuhi treni ilipomchukua Takaki, barua ilikuwa bado mkononi mwake. Kwenye skrini upepo unaichukua barua kwa kufumba na kufumbua, na tunabaki na mshtuko. Kwenye karatasi barua inayopeperuka haipeperuki. Imekwama pale ilipochorwa, na unaweza kuitazama kwa muda unaoutaka bila kuwa na uwezo wa kuirudisha. Maumivu ya namna hii yanahitaji picha isiyosonga.

Sehemu ya pili inatupeleka kisiwani Tanegashima, kwenye kituo cha kurushia roketi, ambako Takaki sasa yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Anayesimulia hapa ni Kanae, anayempenda na hathubutu kusema. Anajifunza kuteleza juu ya mawimbi na amejiwekea nadhiri: siku atakaposimama ubaoni, siku hiyohiyo atasema. Ni Kanae anayetaja kwamba gari linalobeba mzigo wa roketi kwenda kituoni hutembea kilomita 5 kwa saa, na ni Takaki anayeshtuka kusikia namba ile. Kanae anasimama ubaoni. Jioni pikipiki yake inazimika njiani, wanatembea pamoja, na nyuma yao roketi inapaa. Kanae anaitazama, kisha anamtazama Takaki, na anajua kwamba macho ya mwenzake yako mbali kuliko yeye na kuliko kisiwa.

Kwa Shinkai, roketi ile ni anga nzima kuwaka: moshi unapasua mbingu nusu mwanga nusu kivuli. Mchoraji akitaka kushindana na picha hiyo kwa wino atashindwa, na Seike hashindani. Uzito anauhamishia usoni mwa Kanae. Filamu za Shinkai huwa na watu wadogo chini ya mbingu kubwa. Manga, kwa asili yake, ni sanaa ya nyuso. Seike aliichukua tofauti hiyo kama ruhusa. Mhusika aliyekuwa sehemu ya mandhari akasogezwa karibu, tukamwona anavyomeza mate kabla ya kunyamaza.

Na hapa tunafika kwenye kiini. Sehemu ya tatu ya filamu ni fupi sana. Takaki ni mtu mzima Tokyo, anaandika programu za kompyuta, amechoka, anaacha kazi. Akari anajiandaa kuolewa na mtu mwingine. Kuna pia mwanamke aitwaye Mizuno, aliyekuwa na Takaki kwa miaka mitatu. Anamwandikia kwamba wametumiana ujumbe mara elfu hivi na bado mioyo yao ilisogeleana kwa sentimita moja tu. Filamu inampa Mizuno vipande vichache vya picha, kisha wimbo wa Yamazaki unaanza, picha zinakimbia, na miaka inamiminika mbele yetu kwa dakika chache. Anayetazama kwa mara ya kwanza huenda asikumbuke hata jina lake.

Manga ilitoka mwezi kwa mwezi. Utaratibu wa majarida haya unadai kila sura iwe na mwanzo wake, kilele chake na sababu ya kurudi mwezi ujao. Kabla ya mstari wowote wa wino, mchoraji hutengeneza rasimu ya haraka ya visanduku na maneno, mhariri anaisoma, inarudi, inarekebishwa. Vipande vya picha vinavyokimbizwa na wimbo havijazi sura kwa namna hiyo. Kitabu hakina wimbo wa kuficha pengo. Mchoraji alilazimika kuuliza: huyu mwanamke ni nani? Alikutana naye vipi? Alikuwa anangoja nini kwa miaka mitatu? Shinkai mwenyewe alikwisha kuandika riwaya ya kisa hiki mwaka huohuo wa 2007, lakini Seike aliifungua milango hiyo hadi mwisho. Akampa Mizuno kurasa, akamweka ndani ya chumba kimoja na Takaki, akatuonyesha ukarimu wa mwanamume asiyekuwapo jinsi unavyoonekana kwa anayekaa kando yake.

Matokeo yake ni kwamba Takaki wa manga anahukumiwa zaidi kuliko Takaki wa filamu. Kwenye skrini tunatazama kwa macho yake, na kutamani kwake kunapendeza kwa sababu kumepakwa rangi nzuri sana. Kwenye kurasa tunaona gharama yake, na anayelipa ni mtu mwingine. Seike hakusema lolote dhidi ya Shinkai. Hakugeuza tukio wala kuongeza mhalifu. Aliongeza muda tu, na muda ukatoa ushahidi. Wachache katika kazi hii ya kuhamisha hadithi huwa na adabu ya kiasi hicho.

Kuna kilichopotea, na mtu mkweli hawezi kukikataa. Wapo watakaosema kwamba mwisho wa filamu, kwenye makutano ya reli na barabara, treni mbili zikipishana kati ya mwanamume na mwanamke waliopitana, hauwezi kuguswa bila wimbo ule. Wana haki. Kengele ya makutano inaweza kuandikwa kwa herufi kubwa zilizochorwa, kan kan kan, kama manga zinavyozifanya tanakali za sauti kuwa sehemu ya picha, lakini sauti ya mwimbaji aliyekwaruzwa na huzuni haiandikiki. Seike alijua hivyo, na pengine ndiyo sababu hakukitundika kitabu chake chote kwenye msumari huo mmoja. Karibu na mwisho anamrudia Kanae, sasa mtu mzima, na kumpa safari yake mwenyewe kwenda Tokyo. Sitaeleza anachokikuta huko. Inatosha kusema kwamba filamu inafunga kwa mtu aliyekubali kuacha, na kitabu kinamkumbuka aliyeachwa kisiwani bila kuulizwa.

Kazi za Shinkai zimevutia wachoraji wengine hodari. Mizu Sahara aliichora Hoshi no Koe katika jarida hilohilo la Afternoon mwaka 2004, Midori Motohashi akaichora Kotonoha no Niwa mwaka 2013, na Ranmaru Kotone akatoa vitabu vitatu vya Kimi no Na wa, filamu ya mwaka 2016 iliyoingiza mapato makubwa sana Japani. Kila moja ina mazuri yake. Lakini filamu zenye msuko mzito humbana mchoraji: matukio ni mengi, naye anakimbia kuyafikia. Kisa cha Takaki na Akari kina matukio machache mno kiasi kwamba mchoraji mvivu angekimaliza kwa sura tatu. Seike alitumia vitabu viwili, na hakuna ukurasa unaoonekana kujazwa kwa ajili ya kujazwa.

Toleo la Kiingereza lilitolewa na kampuni ya Vertical mwaka 2012 kama kitabu kimoja kinene, hivyo asiyejua Kijapani hana kisingizio. Ushauri wangu ni huu: tazama filamu kwanza, kwa sababu kitabu kinakudai ujue kilichopitwa. Kisha usianzie kwenye treni, ingawa ni sura nzuri. Nenda moja kwa moja kwenye kurasa za Mizuno na uzisome bila haraka, ukikumbuka alivyopita kwenye skrini. Jaladani kuna majina mawili, la Shinkai kwa hadithi na la Seike kwa michoro. Ukimaliza kurasa hizo utajua kwamba jina la pili halikuwekwa pale kwa hisani.